Bakuli la Bluu

Walimkuta Makame msikitini macho mekundu, wakamuuliza nani kafa. Aliona haya kusema kwamba mtu mzima kama yeye, mwenye wajukuu, analilia mbwa.

"Kaka yangu wa bara," akajibu.

Kabla ya adhuhuri majirani walikuwa wametandika mikeka barazani kwake, na jikoni wanawake wanapika wali. Kila aliyempa mkono wa pole alizidi kumwinamisha.

Vyombo vikapungua. Bi Mwatima, jirani yake, akaokota bakuli la bluu la plastiki nyuma ya nyumba, akalisuuza, akampakulia Shehe Nyange.

Makame alilitambua bakuli shehe akiwa tayari ameshika tonge.

"Shehe, usile! Bakuli hilo ni la mbwa wangu. Ndiye aliyekufa. Kaka sina."

Bi Mwatima alijifunika uso kwa kanga. Shehe akarudisha tonge polepole, akaomba maji, akanawa. Makame akangoja kutukanwa.

"Alikuwa akiitwa nani?" shehe akauliza.

Makame hakuweza kuinua uso. Alilivuta bakuli mapajani na wali wake, akapitisha kidole ukingoni, kwenye alama za meno.