Jiwe Chini ya Maji

Panya wote wawili wa maabara walikuwa majike, na wote walikuwa wamepunguziwa damu ya ubongoni. Yule aliyeachiwa ovari aliogelea moja kwa moja hadi kwenye jiwe lililofichwa chini ya maji. Yule aliyetolewa ovari, asiye na homoni ya kike ya kumkinga, alizunguka beseni, akazunguka tena, mpaka Bi Mwanakheri, mfagizi aliyeshikishwa saa, akamtilia mkono akapanda.

“Mama, umeniharibia jaribio,” daktari alisema bila ukali. “Ilibaki nusu dakika.”

“Huyu kachoka, mwanangu. Tangu hedhi inikatike, najua kuzunguka kunavyochosha.”

Akamkausha kwa pindo la khanga, akamrudisha tunduni. Kisha akasimama katikati ya chumba alichokifagia miaka ishirini, mkono ukidondosha maji, akiutafuta mlango kwa macho.