Uzi wa Damu ya Mzee

"Hapa kapita mtu," shemeji yake akasema, akaonyesha kwa ncha ya panga.

Kipande cha uzi, rangi ya damu ya mzee, kilikuwa kimefungwa kwenye kijiti usawa wa kiuno. Fundi cherehani akakitazama, kisha akatazama pembeni.

"Labda ni ndege, shemeji. Ndege hubeba chochote."

"Ndege gani huyo anayejua kupiga fundo mara mbili?" Akacheka, akafyeka miiba, akapita mbele.

Kilima chenyewe kilikuwa kidogo. Ukikiangalia kutoka mtaani ungesema ni kichwa cha mtu aliyemkimbia kinyozi. Lakini njia ya kukipanda haikuwepo. Chini miiba, juu mimea ya kutambaa iliyosokotana, na katikati giza la miti, hata mchana kweupe.

Mume wa fundi cherehani, mchimba visima, alitoweka asubuhi ileile mlinzi wa ghala la mbao alipokutwa amelala kwenye damu yake. Mtaa mzima ukajumlisha wenyewe: aliyekimbia ndiye aliyeua. Ni huyu mdogo wake tu aliyeendelea kuja. Alileta sukari. Akaleta na kitambaa cha sketi za shule za binti zake, pamoja na uzi wake, "ili mikono isikae bure, ukaja kuumwa na mawazo." Na kila akija, kabla chai haijapoa, swali lilikuwa lilelile: "Hajakwambia alipo?"

Leo alikuja mapema, panga limenolewa hadi linang'aa.

"Tunapanda kilima, shemeji. Heri nimpate mimi kabla ya polisi. Na usimwambie mtu, unajua midomo ya hapa. Simu iache, isije ikadondoka porini."

Akaiacha juu ya cherehani.

Wakafika mahali ambapo upenyo uligawanyika. Mwanamke akashika wa kulia haraka. "Tupite huku, kuna mwanga."

Shemeji yake hakusogea. Alimtazama yeye, si njia. Halafu akashika kushoto, na baada ya mwendo mdogo tu, uzi mwingine ule pale, unacheza na upepo.

"Mbona leo unanivuta kama mbuzi wa mnadani?" akauliza kwa sauti ya utani. Macho hayakuwa na utani.

"Nimechoka tu. Mimi kazi yangu ni ya kukaa." Alikuwa anahema. Jasho lilimshuka mgongoni, baridi. "Hebu tuchangamshe safari. Kitendawili!"

"Tega."

"Mdomo wazi usiku na mchana, hali wala hanywi. Ukimwita, anakujibu kwa sauti yako mwenyewe."

"Mlevi."

"Siyo."

"Mke wangu."

"Siyo, na nitamwambia."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji kaa nao. Jibu nitakupa tukifika."

Wakapanda. Kila mwanamke alipotaka kwenda kulia, shemeji yake alikwenda kushoto. Kila aliposema turudi, aliongeza mwendo. Nyuzi zikazidi kukaribiana. Ndege walikuwa wamenyamaza, ikabaki sauti ya panga, chwa, chwa, na pumzi za watu wawili.

Karibu na kilele, mbele ya kichaka kilichojifunga kama ngumi, uzi wa mwisho ulining'inia kwenye tawi. Shemeji yake akaukata, akausugua kati ya vidole. Safari hii hakucheka.

"Uzi huu nilikuletea mimi."

Mwanamke akarudi nyuma hatua moja.

"Niliuleta kaka akiwa ameshapotea. Kwa hiyo si yeye aliyeufunga. Ni wewe. Unampandishia chakula, na huku chini unanimwagia machozi."

Akapiga magoti kwenye majani. "Shemeji, mwache. Mmenyonya ziwa moja. Hajamwambia mtu alichokiona kule ghalani, naapa."

Neno likatoka, na halikuweza kurudi.

"Ala," shemeji yake akasema polepole. "Kumbe alichokiona alikwambia na wewe."

Akautupa uzi, akafuta panga kwenye suruali, upande huu, kisha upande ule. Akatazama kule walikotoka: miti mitupu, hakuna hata moshi wa mtu.

"Kaa hapohapo. Usinyanyuke. Nikitoka humo ndani, tutamalizana mimi na wewe."

Akainama, akapenya kichakani taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, akiita kwa sauti tamu ambayo mtoto angeikimbilia: "Kaka? Kaka, ni mimi mdogo wako. Nimekuletea maji."

Matawi yakavunjika. Ukatoka ukelele mrefu, na ukelele uleule ukarudi tena kutoka chini. Halafu kimya.

Fundi cherehani akanyanyuka, akajipangusa magoti. Akauokota ule uzi na kuuzungushia kidoleni, maana sketi ya pili ilikuwa bado haijapindwa. Kisha akapenya kichakani, lakini yeye akipitia ukingoni, pale mume wake alipomfundisha kukanyaga siku alipokata tamaa ya kupata maji, akafunika kazi yake kwa matawi. Siku hizi mume huyo alikuwa kwa shangazi yake, safari ya mchana kutwa kutoka kilimani.

Akachungulia.

"Ni kisima, shemeji," akasema.

Kisima kikamjibu kwa sauti yake mwenyewe.