Mtutu wa Mgeni

Amiri aliingiza kidonge cha rangi kwenye mtutu wa bunduki ya mchezo wa kulengana rangi, akapuliza. Kikakwama. Ukungu wa msitu wa Magamba ulikuwa umevivimbisha vidonge tena.

Akajaribu mtutu mwingine. Kidonge kikateleza hadi kiganjani.

"Huo mfungie yule kijana mgeni kutoka Arusha," alisema mchumba wake, mpishi wa kambi, akiweka mezani vitambaa vya timu. "Asije akaaibika mbele ya watalii."

"Na mimi?"

"Wewe si mwenyeji, bwana? Utajificha hata nyuma ya kabichi."

Vitambaa vyote vilikuwa vya shuka kuukuu, isipokuwa cha mgeni. Kilichanwa kwenye khanga ambayo Amiri mwenyewe alimnunulia mchumba wake sikukuu ya Idi.

Akaurudia ule mtutu uliokwamisha kidonge. Akaufunga kwenye bunduki ya mgeni, akauzungusha hadi nusu tu, akauacha.

"Nitamalizia kesho," alimwambia mchumba wake.