Sentensi Isiyo na Mtu

Mwalimu Mwanaidi alivua viatu mlangoni kwa Bwana Kuroda, akaviacha ovyo, kimoja kimelala ubavu. Pembeni palikuwa na ndara za kike ambazo hakuna mgeni aliyewahi kupewa.

"Kwetu viatu vya mgeni hugeuzwa vielekee nje," mzee alikuwa amemweleza mchana wa somo la kwanza. "Ilikuwa kazi ya mke wangu. Tangu afariki, hakuna wa kuvigeuza."

Leo somo lilikuwa la jioni, na mzee alikuwa akisoma zoezi lake la Kiingereza kwa sauti. Mwalimu akamkatiza.

"Hapa unasema kuna kupanda ngazi kila jioni. Nani anapanda? Kiingereza kinataka umtaje."

"Kwetu mtu anayejulikana hatumtaji."

"Mimi simjui."

Mzee alitazama upande wa mlango. "Kumtaja ni kama kumwita, mwalimu. Sijamtaja jioni hata mara moja."

"Ni zoezi tu, Bwana Kuroda."

Basi akaisema sentensi yote, polepole, bila kosa: mke wangu hupanda ngazi kila jioni. Mwanaidi akamsifu. Mzee hakutabasamu. Hakuna aliyeinuka mezani mpaka somo lilipokwisha.

Mwanaidi alipofika mlangoni alikuta viatu vyake vimepangwa sawasawa, vimeelekea nje. Ndara hazikuwepo. Nyuma yake, mezani, mzee alikuwa akisema jambo kwa lugha yake, kisha akinyamaza, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kujibu.