Programu Iliyokufa Kila Alasiri

Programu ilikufa tena saa kumi alasiri, na ghorofa nzima ikainuka kwa furaha. Watu walichukua vikombe vyao vya karatasi wakaenda ngazini kunywa kahawa ya pakiti, huku kompyuta zikiwashwa upya. Bang Seok-jin peke yake alibaki kitini, amekunja uso kama aliyekanyaga kinyesi.

Yenyewe ilikuwa kitu kidogo tu. Kila robo saa ilipiga picha ya skrini, ikaififisha, ikaandika juu yake: "Pumzisha macho, tazama mbali." Lakini kumbukumbu ya kompyuta ilivimba kutwa hadi kila kitu kikaganda. Mkurugenzi Gil alikuwa amemwahidi Seok-jin kwamba siku programu hiyo itakapofika saa kumi na mbili jioni ikiwa hai, mkataba wake wa muda utageuka ajira ya kudumu. Mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Aliyeiandika ni Pyo Jun-ha, aliyefukuzwa kwa uzembe. Seok-jin alifungua kazi ya Pyo akatamani kunawa mikono. Kila picha ilihifadhiwa mara hamsini, bila sababu yoyote, na zote zikarundikana kungoja sehemu ya mwisho iliyopangwa kuzizoa jioni. Sehemu hiyo hakuisoma. Alikuwa ameona ya kutosha. Uvundo mtupu. Mtu mzima anaachaje choo namna hii halafu anapokea mshahara?

Akampigia simu. Pyo alikuwa mdogo kwake kwa umri, kwa hiyo alijibu kwa adabu zote, akizungukazunguka.

"Kaka, mashine nazo huchoka. Ikifika alasiri, si uiache tu ipumzike?"

"Mara hamsini, Jun-ha. Huoni haya?"

"Siwezi kumfundisha kaka kazi. Ila ningekuwa mimi, nisingeigusa."

Seok-jin akakata simu. Watu wavivu wanaojificha nyuma ya heshima walimtia kinyaa kuliko wote.

Eum Hye-ran wa meza ya jirani alirudi na kahawa mbili, akamsogezea moja kama kawaida yake. "Ukiiponya hiyo, mdogo wangu," akamtania, "sisi tutapumzika saa ngapi?"

Seok-jin alifuta zile nakala hamsini za kila picha, akaacha moja.

Kesho yake saa kumi ikapita. Watu walitazamana, wakaendelea na kazi wakinung'unika. Saa kumi na mbili programu ilitua mzigo wake wote, kumbukumbu ikashuka, na Seok-jin akajisikia kama aliyemaliza kudeki nyumba ya mtu mchafu.

Mkurugenzi Gil akamwita ofisini. Mkataba mpya ulikuwa mezani, umeshapigwa muhuri. Seok-jin aliupokea kwa mikono miwili, akainama sana kushukuru.

Alipoinuka, aliona runinga kubwa ya ukutani imejaa picha za skrini za ghorofa nzima, safu kwa safu, kila moja na jina la mwenyewe. Mkurugenzi alikuwa ameikuza moja: barua ya Hye-ran ya kuomba kazi kwingine, imeandikwa nusu.

"Mwaka mzima Pyo aliniapia kwamba haiwezekani picha hizi kunifikia jioni," mkurugenzi alisema, akimvutia kiti. "Keti. Tuanze na huyu?"