Ngiri na Moshi Wake

Mvua ilinyesha siku saba mfululizo, wanyama wakajazana pangoni. Humo humo Ngiri mjeuri akawasha kiko. Wote walikohoa, lakini waliyaogopa meno yake. Pimbi tu, mdogo kuliko wote, ndiye aliyeruka juu ya jiwe.

"Mzee Ngiri, tunakufa! Kavutie nje!"

"Nilowe? Kiko changu, tumbaku yangu, moshi wangu!"

"Wako wote?"

"Wote!"

"Basi usitugawie! Umeze!"

Pango zima likalipuka: "Meza! Meza! Meza!"

Ngiri, kwa kiburi, akavuta, akafumba mdomo, akabana pua. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, akapaliwa, akachomoka mbio hadi mvuani.

"Moshi huu utaniua!" akalia huku akikohoa.

"Ala!" akasema Pimbi. "Kumbe unajua!"