Pete za Sakafuni

Lori halikuwa la wagonjwa. Makwega, fundi aliyepewa kulikarabati liwe gari la wagonjwa la makumbusho, aling'oa mbao za sakafu akitafuta mashimo ya kufungia machela, akakuta pete za chuma zilizochomelewa mbili mbili, zimelika upande mmoja kwa kusuguliwa na minyororo.

Bwana Shamte, mkuu wa makumbusho ya mji, alichungulia, kisha akatazama saa yake.

“Zikate, fundi. Kesho kutwa tunalizindua. Msalaba mwekundu uchorwe leo.”

“Gari la wagonjwa halina pete, mzee.”

“Nimekuita upake rangi, hukuitwa kuhoji chuma. Ukishindwa, lori linakwenda kwa fundi mwingine.”

Makwega aliwasha mashine ya kukatia vyuma, kisha akaizima. Bi Siwema alikuwa anaingia uani na shuka jeupe aliloshonea machela. Kwa miaka thelathini na tisa alikuwa akisimulia kwamba wanajeshi walimchukua mumewe na wenzake kwa gari hili, wakiwa wagonjwa, wakafia njiani kabla ya kufika hospitali.

“Nitandike wapi, mwanangu?”

Makwega angeweza kuzirudisha mbao. Alimpa mkono, akampandisha.

Bi Siwema hakulia. Aliweka shuka chini bila kulikunjua, akainama, akagusa pete moja moja huku midomo yake ikihesabu. Shamte alisema jambo kuhusu joto.

“Kumi na mbili,” alisema Bi Siwema.

Majina ya mumewe na wenzake waliokufa, yaliyosomwa sokoni mwaka ule, yalikuwa kumi na mawili.